Spi ya gurudumu la nyuma: kipete kidogo, historia ndefu ya kauchu

Dereva anaona doa jeusi chini ya gurudumu la nyuma. Analigusa kwa kidole, analinusa. Si esansi, na si mafuta ya motere. Ni mafuta mazito yanayonata, yenye harufu ya kiberiti. Hayo ni mafuta ya ekseli. Anafunika doa kwa vumbi la lava, anawasha moto yake ya magurudumu matatu na kwenda kazini, kwa sababu siku isiyo na kazi nyumbani hawali.

Siku chache baadaye anateremka kilima na mzigo wa kawaida wa Kivu: magunia ya makala, mabido ya maji, magodoro mawili yaliyofungwa kwa kamba, mama mmoja na watoto wake wakiwa wamekaa juu ya vitu vyote walivyoweza kuokoa. Anakanyaga breki. Gurudumu moja linashika, lingine linateleza kana kwamba limepakwa sabuni. Moto inavutwa upande mmoja wa njia. Mafuta yaliyokuwa yanatoka pole pole yamefika kwenye garinitire za breki, na garinitire iliyolowa mafuta haishiki tena ngoma.

Kipande kilichosababisha hayo ni kidogo kuliko kiganja cha mtoto. Mafundi wa Goma, Bukavu, Butembo na Bunia wanakiita spi. Kwenye duka la piesi husikii jina lingine. Jina hilo lilitoka Ufaransa na ni herufi tatu za mwanzo za kampuni, Société de Perfectionnement Industriel, iliyokuwa ikiuza vipete hivyo huko. Lilipita kwenye magaraji ya Wabelgiji na Wafaransa, likabaki midomoni mwa mafundi wetu hata baada ya vitambulisho vya kikoloni kuchanwa. Wajerumani wanakiita kwa jina la mtu aliyekivumbua, na huko tutafika.

Ukikishika mkononi, spi ni pete ya chuma iliyofunikwa mpira. Upande wa ndani ina mdomo mwembamba wa mpira unaolala juu ya ekseli, na nyuma ya mdomo huo kuna springi nyembamba kama mkufu, inayoukaza pande zote kwa nguvu sawa. Ekseli inazunguka, mdomo hauzunguki. Katikati yao unabaki utando mwembamba sana wa mafuta, na utando huo ndio unaozuia mdomo usiungue. Kwa hiyo spi nzuri haikaushi ekseli kabisa. Inayaacha mafuta yaifikie midomo yake, lakini hayavuki kwenda nje.

Kazi hiyo inaonekana rahisi, lakini ilichukua muda mrefu kuipatia dawa. Magari ya kukokotwa na farasi yalipakwa mafuta ya wanyama kwenye ekseli, na mafuta yakidondoka, mtu alipaka mengine. Injini za kwanza za mvuke zilizibwa kwa katani iliyoloweshwa mafuta, ikashindiliwa kwa nguvu. Pikipiki za kwanza hazikujisumbua hata kidogo. Ile mashine ya mbao ambayo Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliiendesha Ujerumani mwaka 1885 ilizungusha gurudumu la nyuma kwa mkanda, na mkanda hauhitaji mafuta. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mwendesha pikipiki alikuwa na pampu ndogo ya mkono. Kila baada ya mwendo fulani aliipampu, mafuta yakaingia kwenye motere, yakafanya kazi yake, kisha yakaungua au yakadondoka barabarani. Kudondosha mafuta ulikuwa mpango wa kiwanda chenyewe, si ugonjwa. Motari wa leo anayeambiwa kwamba moto yake "inakojoa" angejisikia vizuri zamani hizo.

Mambo yalibadilika pale watu walipotaka kuondoa mnyororo na mkanda, waweke mahali pake mtaimbo unaozunguka na meno ya chuma nyuma. Meno hayo yanataka kuogelea ndani ya mafuta. Mafuta yakishawekwa karibu na gurudumu, lazima yafungiwe. Hapa historia inakuja karibu na nyumbani, kwa sababu waliofanya hivyo mapema na kuuza kwa wingi walikuwa Wabelgiji.

Mnamo 1905 kiwanda cha FN cha Herstal, karibu na Liège, kilitoa pikipiki ya silinda nne iliyoendeshwa kwa mtaimbo badala ya mnyororo. Watu wa Ulaya waliistaajabia kwa jinsi ilivyokimbia bila kutetemeka. Katika Kongo herufi FN zinajulikana kwa jambo lingine. Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 1889 ili kutengeneza bunduki za jeshi la Ubelgiji, na bunduki zake zimepita mikononi mwa askari wengi sana wa nchi hii. Lakini wahandisi wake walijua pia pikipiki.

Mwaka huohuo wa 1905, mwezi wa Novemba, ilichapishwa ripoti ya tume ambayo Mfalme Leopold wa Pili mwenyewe alilazimika kuituma Kongo. Makamishna watatu, Mbelgiji, Mwitaliano na Mswisi, walikuwa wamezunguka na kusikiliza wanakijiji. Waliyoyasikia yalihusu kauchu.

Kila mtu wa Kongo amesikia kidogo juu ya kauchu, mara nyingi kwa bibi au babu aliyesikia kwa wazazi wake. Ni vizuri kusimulia chanzo chake, maana kinaanza na gurudumu. Mwaka 1888, huko Belfast, daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop aliandikisha uvumbuzi wa tairi lenye upepo. Alilijaribu kwanza kwenye baiskeli ya mtoto wake, na baiskeli hiyo ilikuwa ya magurudumu matatu. Kabla ya hapo, mwaka 1839, Mmarekani Charles Goodyear alikuwa amegundua kwamba mpira ukipikwa na kiberiti hauyeyuki kwenye joto wala kupasuka kwenye baridi. Mambo hayo mawili yalipokutana, dunia nzima ilitaka mpira: matairi ya baiskeli, kisha ya pikipiki, kisha ya magari, na waya za umeme na mabomba.

Mashamba ya miti ya mpira huko Asia yalikuwa bado machanga. Mbegu zilizochukuliwa Brazili na Henry Wickham mwaka 1876 zilihitaji miaka mingi kuwa miti ya kukamuliwa. Kongo ilikuwa na mpira tayari, ndani ya mitambaa ya msituni inayopanda juu ya miti. Haikuhitaji shamba, ilihitaji watu wa kwenda kuutafuta. Leopold, aliyekuwa anaitawala Kongo kama mali yake tangu 1885, aliwapata watu hao kwa bunduki.

Namna ilivyofanyika inajulikana, kwa sababu iliandikwa na walioiona. Kijiji kilipangiwa kiasi cha kauchu. Wanawake walifungwa kama rehani hadi waume zao warudi na vikapu vimejaa. Askari wa Force Publique walitakiwa kuonyesha kwamba hawakupoteza risasi, kwa hiyo walileta mikono ya kuume ya waliouawa, na pale walipokosa maiti walikata mikono ya walio hai. Mwaka 1899 mmisionari Mmarekani mweusi, William Sheppard, aliingia kwenye kambi ya wapiganaji waliotumwa kukusanya kodi huko Kasai, akahesabu mikono 81 iliyokuwa inakaushwa juu ya moto. Mwezi wa Mei 1904 mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alipiga picha ya baba aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, aliyekaa barazani akiangalia mkono na mguu wa binti yake mdogo. Ni vitu hivyo viwili tu alivyoletewa.

Kwenye bandari ya Antwerp, karani wa kampuni ya meli, Edmund Morel, alitazama meli za Kongo zikiingia na kutoka. Ziliingia zimejaa kauchu na pembe za ndovu. Zilirudi na bunduki na risasi, na bidhaa chache mno za kulipia mali ile. Morel alielewa bila kuvuka bahari kwamba watu huko hawalipwi. Kampeni yake, pamoja na ripoti ya konsuli Roger Casement ya mwaka 1904, ndiyo iliyombana Leopold hadi Ubelgiji ikaichukua Kongo kuwa koloni lake mwezi wa Novemba 1908.

Jambo moja husemwa kidogo kwenye masomo ya shule: kukimbia. Maelfu ya watu waliacha vijiji. Walilala msituni bila paa, mashamba yakaachwa, njaa na ugonjwa wa malale vikawafuata. Wengine walivuka mto kwenda upande wa Wafaransa, ambako kampuni za kauchu nazo ziliwangoja. Familia iliyokaa leo chini ya turubai haihitaji kufafanuliwa maana ya hayo.

Turudi kwenye kipete. Mtu angefikiri kwamba mpira huo wote uliotoka Kongo ndio uliotengenezewa spi za kwanza. Sivyo. Mpira wa asili haupatani na mafuta. Ukiuloweka ndani ya mafuta ya motere, unayanywa, unavimba, unalegea, kisha unakatika. Fundi yeyote wa Goma anaweza kuthibitisha: kata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la zamani, kitie kwenye kopo la mafuta, kiache siku kadhaa. Kitatoka kinene na laini kama ulimi.

Kwa hiyo wale wahandisi wa mwanzo walitumia ngozi ya ng'ombe. Nayo ilitoka kwa watengeneza ngozi. Katika mji wa Weinheim, Ujerumani, kulikuwa na kiwanda cha ngozi cha familia ya Freudenberg kilichoanza mwaka 1849. Shida ya uchumi ya dunia ya 1929 ilipoua biashara ya viatu na ngozi, kiwanda kilitafuta kazi nyingine kwa ngozi yake, kikaanza kukata vikombe vya kuzibia mafuta ya mashine. Mhandisi wake, Walther Simmer, aliuweka mdomo wa ngozi ndani ya kikombe cha bati, akauzungushia springi. Ndiyo maana hadi leo Mjerumani husema Simmerring. Umbo la Simmer ndilo linalouzwa leo kwenye vibanda vya piesi vya Birere na Kadutu, limefungwa ndani ya plastiki.

Ngozi nayo ilikuwa na shida zake. Ilikauka, ilikakamaa kwenye joto, ikakwangua ekseli. Suluhisho lilitoka kwenye maabara ya kampuni kubwa ya kemia ya Ujerumani, IG Farben. Huko, katika miaka ya 1930, wanakemia walitengeneza mpira wa kiwandani usiokunywa mafuta. Waliuita Buna N. Kwenye vitabu vya leo ni nitrili, na ukiona herufi NBR zimechorwa kwenye spi, ni huohuo. Freudenberg waliuchukua, wakatoa ngozi na kuweka mpira. Hapo spi ya kisasa ikazaliwa.

Serikali ya Hitler ilishabikia mpira wa kiwandani kwa sababu ilikuwa inajitayarisha kwa vita na haikutaka kutegemea mpira wa ng'ambo. Na mkono wa lazima ukarudi tena, safari hii Ulaya. Huko Monowitz, karibu na Auschwitz, IG Farben ilijenga kiwanda kikubwa cha Buna kwa kutumia wafungwa, wengi wao Wayahudi. Maelfu walikufa kwa kazi na njaa. Kiwanda hicho hakikuwahi kutoa hata kilo moja ya mpira.

Upande wa pili wa vita ulikuwa na shida yake. Mwanzoni mwa 1942 Wajapani walichukua Malaya, Singapore na visiwa vya Indonesia, na Waingereza na Wamarekani wakapoteza karibu mpira wao wote wa mashamba. Ndege, malori, na pikipiki za jeshi, vyote vilihitaji mpira. Macho yakarudi Kongo, kwenye mitambaa ileile ya msituni ambayo ilikuwa imeachwa tangu mashamba ya Asia yalipoishinda kwa bei. Mwaka huo wa 1942 serikali ya koloni ilipandisha siku za kazi za lazima kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Wazee waliokuwa watoto wakati wa Leopold waliona wajukuu wao wakitumwa tena msituni na vikapu.

Sehemu hii ya historia inagusa moja kwa moja familia nyingi zilizoko Goma na kandokando yake, maana wazee wao walikuwa huko. Mwaka 1944, katika eneo la Masisi na Lubutu, watu waliinuka. Kiongozi wao alikuwa Bushiri, mfuasi wa Kitawala, dini iliyoingia Kongo kupitia Katanga na ambayo Wabelgiji waliiogopa kuliko chama cho chote. Wakumu wengi walimfuata. Kulikuwa na maneno ya kinabii na ahadi za dunia mpya, na Wabelgiji walipenda sana kuandika juu ya hayo, kana kwamba ni wazimu tu uliowapata watu wa msituni. Lakini ukitazama mzigo uliowekwa juu ya migongo yao wakati huo, yaani kauchu ya vita, barabara za kulima kwa mkono, migodi na kodi, ni vigumu kuona wazimu. Mawakala wa kizungu walikamatwa na kupigwa viboko kama walivyokuwa wakiwapiga watu, na wengine waliuawa. Force Publique ilitumwa, na watu wengi walikufa. Masisi inapotajwa leo kwenye habari, inatajwa kwa vita ya karibu. Ile ya 1944 haina hata kibao kando ya njia.

Baada ya vita mpira wa kiwandani ulienea dunia nzima, na mitambaa ya Kongo ikaachwa. Spi zikawa za nitrili kila mahali. BMW ya Ujerumani, ambayo tangu pikipiki yake ya kwanza ya mwaka 1923, R32, ilikuwa imeshikilia mtaimbo badala ya mnyororo, iliendelea nao hadi leo, na waendeshaji wake Ulaya na Marekani wanalijua vizuri lile doa jeusi chini ya gurudumu la nyuma. Kwa hiyo ugonjwa huu si wa maskini peke yao.

Kwa upande wetu pikipiki zilikuja kwa hatua. Kwanza za mapadri, za wauguzi, za maagronomu: Yamaha na Honda za mnyororo, ambazo mtu mmoja alizitunza kama mtoto. Halafu barabara za Kivu zikafa, malori yakashindwa, vita vya 1996 na 1998 vikapita, na vijana wasio na kazi wakapata moto za bei nafuu kutoka China na India. Motari akawa ambilansi, basi na posta. Chukudu ya mbao, yenye magurudumu yaliyovishwa vipande vya tairi kuukuu, haikuondoka njiani, lakini ilipata ndugu mwenye motere: moto ya magurudumu matatu yenye sanduku nyuma. Na hiyo, tofauti na moto ya kawaida, ina mtaimbo na diferansieli chini ya sanduku, kama gari. Ndani kuna mafuta. Mwishoni mwa kila upande kuna spi, na mara baada ya spi kuna breki.

Ndiyo maana ugonjwa wa zamani wa pikipiki za kifahari za Ulaya umekuwa ugonjwa wa wabeba makala wa Kivu.

Mafundi wazuri wanaanza kwa kutafuta sababu, si kwa kukimbilia dukani. Kwa moto ya kawaida yenye mnyororo, mafuta yanayoonekana kwenye gurudumu la nyuma mara nyingi hayatoki kwenye gurudumu. Yanatoka mbele, kwenye spi ya ekseli ya boati ya vitesi pale pinyo ndogo ilipo, na mnyororo unayarusha nyuma. Kubadilisha kitu kwenye gurudumu hapo ni kupoteza franka bure. Kwa moto ya magurudumu matatu, kuna tundu dogo la kupumulia juu ya ekseli. Matope na vumbi la lava vikiliziba, hewa ya ndani ikipata moto inakosa njia ya kutoka, inayasukuma mafuta kupitia spi. Unaweza kuweka spi mpya tatu mfululizo, zote zitavuja, hadi mtu achukue kijiti na kulizibua tundu. Mafuta yakijazwa kupita kiasi, matokeo ni yaleyale.

Kisha rulema. Fundi anainua upande mmoja, anashika gurudumu juu na chini, analitikisa. Likicheza, rulema imekwisha, na ekseli inayoyumba inaupiga mdomo wa spi huku na huku. Hakuna mpira unaovumilia hilo. Mizigo ya siku za kukimbia imeua rulema nyingi: mashine iliyopangiwa kubeba kiasi fulani ikabeba nyumba nzima. Hakuna wa kumlaumu dereva kwa siku ile. Lakini baada ya siku ile, rulema inataka kuangaliwa.

Gurudumu linatolewa, ngoma inatolewa, ekseli inavutwa. Spi ya zamani inang'olewa kwa turnevisi iliyofungwa kitambaa, taratibu, bila kuchubua kiti chake cha chuma, kwa sababu mchubuko mmoja unatosha kuwa njia ya mafuta. Kabla ya kuitupa, fundi anasoma namba zilizochorwa juu yake. Ni tatu: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, vyote kwa milimita. Akiandika 30, 52 na 7, muuzaji ye yote, wa kabila lo lote na lugha yo yote, atampa kile kile. Kusema tu "nipe ya moto ya China" ndiko kunakoleta spi iliyo kubwa kidogo, ambayo inapigwa nyundo hadi iingie, na siku ya pili inavuja.

Halafu anapitisha ukucha juu ya ekseli pale mdomo ulipokuwa unalala. Ukucha ukinasa, kuna mfereji. Vumbi lilinasa chini ya mdomo na kuikwangua chuma miaka yote hiyo. Ndivyo mpira laini unavyokula chuma, na watu wengi hawaamini hadi waone. Kama mfereji ni mwembamba, spi mpya inaweza kusimamishwa milimita moja nje au ndani ya ile ya zamani, ili mdomo wake upate sehemu laini. Kama ni mpana, ekseli inakwenda kwa mtengeneza vyuma au inabadilishwa.

Upande wenye springi unaangalia mafuta. Kosa la kugeuza ni la kawaida kuliko watu wanavyokubali. Mdomo unapakwa mafuta kidogo kwanza, kwa sababu ukizunguka mkavu hata kwa dakika chache unaungua. Kisha spi inasukumwa kwa kipande cha bomba chenye upana wake, au kwa spi ya zamani iliyowekwa juu yake, nyundo ikigonga pole pole kuizunguka, isiingie imeinama.

Garinitire zilizolowa mafuta zinatupwa. Baadhi ya madereva huziosha kwa esansi na kuzianika juani, wengine huzichoma kwenye moto wa makala hadi ziache kutoa moshi. Zinakauka juu tu. Breki zikipata joto kwenye mteremko mrefu, mafuta yaliyojificha ndani yanapanda tena, pale pale mahali pabaya kuliko pote. Ngoma yenyewe ni chuma, hiyo inaoshwa na kupanguzwa hadi kitambaa kitoke safi.

Na wale wanaokata kipete kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi ili kuokoa pesa, wanarudi kwenye jambo lililowashinda wahandisi kabla ya 1930. Kipete kinashika siku mbili tatu, kinavimba, kinapindika. Hiyo haitokani na mkono mbaya wa fundi, ni mpira wenyewe ulivyo.

Mafuta mapya ya giya yanamiminwa hadi usawa wa tundu, si zaidi. Yale ya zamani yanawekwa kwenye bido na kufunikwa, maana maji ya ziwa ndiyo maji ya kunywa ya watu wengi kando ya Kivu. Jioni moto inaegeshwa mahali palipo sawa, na chini ya gurudumu la nyuma kinatandazwa kipande cha karatoni safi. Asubuhi, kabla ya kuwasha na kabla ya mteja wa kwanza, dereva anainama kuiangalia.